Hilux ya kulala porini: umeme upi, na vitu gani viingie kwenye kanopi?

Msafiri wa Nyanda

Wakuu, salaam. Gari ni Hilux double cab ya dizeli, toleo la 2017, bodi bado tupu. Nataka iwe ya kulala porini: watu wazima wawili na mtoto wa miaka saba, safari za siku nne mpaka tano, kwanza Ruaha, baadaye Katavi. Kanopi ni ya alumini na hema litakaa juu yake, hilo nimeshaamua. Nilipokwama ni vitu vya ndani na umeme wake.

Orodha yangu: friji ya lita 45, taa tatu, feni ya usiku, simu tatu, laptop moja, pampu ndogo ya maji, na birika la umeme kwa chai ya asubuhi. Fundi wa kwanza anasema niweke betri ya pili ya gari, N70, na waya kutoka mbele, basi. Wa pili anasema jenereta ndogo ya petroli. Wa tatu anataka kuniuzia lile boksi la umeme lenye kila kitu ndani, la wati-saa 1,000. Wote wana bei, ila hakuna aliyeniuliza friji inakula kiasi gani. Mnashaurije?

Ampia Saba

Mkuu, anza na hilo ambalo hawakukuuliza, maana friji peke yake inakula kuliko vingine vyote ukivijumlisha.

Friji ya kompresa ya volti 12 huvuta ampia 4 hadi 5 inapofanya kazi. Kwenye joto la Ruaha itafanya kazi karibu nusu ya siku nzima, kwa hiyo weka 50 Ah (ampia-saa) kwa saa 24. Taa tatu za LED, 3 Ah. Feni ya ampia moja kwa saa nane, 8. Simu na laptop, 9. Pampu haifiki hata 1. Jumla ni kama 70 Ah kwa siku, yaani karibu wati-saa 900.

Sasa pima ulichoambiwa. N70 ni betri ya kuwashia injini. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiishusha nusu kila usiku itachoka mapema sana. Boksi la wati-saa 1,000 linatosha siku moja, lakini mengi ya aina hiyo ukiyachaji kwa soketi ya sigara ya gari hupokea wati 100 tu hivi. Utaendesha saa kumi kulijaza. Jenereta itachaji, ila utakaa na kelele kambini, na petroli utaibeba wapi wakati gari ni la dizeli? Moshi wake pia una kaboni monoksidi, haifai kabisa karibu na hema.

Ningefunga hivi: betri moja ya lithiamu fosfeti (LiFePO4) ya 100 Ah, chaja ya DC kwa DC ya ampia 25 au 30 (inachukua umeme wa altaneta na kuurekebisha volti ziifae betri ya nyuma), na paneli ya sola ya wati 200 yenye kontrola ya MPPT, yaani kidhibiti cha chaji ya paneli. Lithiamu unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au 90 bila kuiumiza, na ina uzito wa kilo 12 hivi. Paneli ikilala bapa juu ya gari, kwa saa tano za jua kali na hasara zake, itakupa wati-saa 700 kwa siku. Iringa hadi Msembe, makao makuu ya Hifadhi ya Ruaha, ni kama kilomita 130. Ukitumia saa tatu njiani, chaja ya ampia 25 inarudisha 75 Ah. Unafika betri imejaa.

Birika liache nyumbani. Lina wati 1,500, na kwa volti 12 kupitia inveta hiyo ni zaidi ya ampia 130. Kuchemsha lita moja na nusu hakuli hata 15 Ah, lakini BMS (saketi ya ulinzi iliyo ndani) ya betri nyingi za 100 Ah inaruhusu ampia 100 kwa wakati mmoja. Itakata, na friji itazimika pamoja nayo. Kitu chochote cha kupasha moto kipe gesi. Inveta ya wati 300 ya wimbi safi inatosha laptop.

Mzee wa Testa

Nakubali hesabu, ila lithiamu isiuzwe kama dawa ya kila mtu. Betri ya jeli ya sola inapatikana karibu kila mji, na ikifia Mpanda utapata nyingine palepale. Kwa anayetoka mara tatu kwa mwaka, usiku mmoja mmoja, jeli ya 100 Ah na relei ya kutenganisha betri inatosha.

Kwa 70 Ah kwa siku, hapo sawa, utahitaji jeli mbili. Hizo ni kilo 60, na bado zina kasoro ya kuchaji: kutoka nusu hadi asilimia 80 zinakwenda vizuri, ile 20 ya mwisho inachukua saa nyingi hata ukiwa na altaneta kubwa. Ukiacha kuzichaji kila siku kabla hazijajaa, salfeti inaganda kwenye sahani na uwezo unapungua. Jeli pia usizidishe volti 14.2 hivi. Na betri ya maji usiiweke mahali watu wanapolala, inatoa haidrojeni inapochajiwa.

Kabla hujanunua chochote, pima altaneta. Endesha dakika 30, taa na AC zikiwa zimezimwa, kisha uweke testa kwenye vichwa vya betri injini ikiwa inanguruma. Ikikaa 13.8 hadi 14.4, ni altaneta ya kawaida. Ikishuka chini ya 13, ni ile inayoongozwa na kompyuta ya gari kubana mafuta, na relei haitachaji betri ya nyuma ipasavyo, ya aina yoyote. Hapo chaja ya DC kwa DC si anasa. Kwa lithiamu iweke hata kama altaneta ni ya kawaida: lithiamu ikiunganishwa moja kwa moja inavuta kila inachopewa, na injini ikiwa inanguruma gari limesimama, kipepeo cha altaneta kinazunguka polepole, na altaneta itaungua.

Dada wa Kanopi

Mmeongea umeme tu, uzito hakuna aliyeugusa. Kaka, soma uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye bamba la gari lako, toa uzito wa gari tupu, halafu jumlisha: kanopi 90, hema 60, friji na chakula 45, maji lita 60 ni kilo 60, betri na paneli 30, mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijaa 13, tairi la pili la akiba na zana 55, dizeli dumu moja 20, mizigo 60, nyinyi watatu 180. Hapo ni 613, na droo hujazijenga. Plaiwudi ya milimita 18 ni zaidi ya kilo 30 kwa shiti. Tumia ya 12.

Mahali pa kuweka uzito ni muhimu kuliko jumla yenyewe. Maji na betri viwe chini, vimegusa ukuta wa mbele wa bodi. Kila kilichoning'inia nyuma ya ekseli kinafanya kazi kama mkono wa mzani, na kwenye makorongo chesesi za double cab hupinda nyuma ya kebini. Watu wanaongeza pati za springi wakidhani wametatua. Springi inanyanyua gari, chesesi inabaki ileile.

Vumbi: litaingia kwenye pembe mbili za chini za mlango wa bodi, si juu. Ziba kwa raba, kisha weka tundu lenye chujio mbele ya paa la kanopi. Gari likienda, hewa inasukumwa ndani na vumbi linazuiwa nyuma. Ukiziba bila tundu, kanopi inanyonya vumbi kupitia upenyo wowote uliosahau.

Gesi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kisanduku cha mtungi kiwe na tundu sakafuni linalotokea nje. Friji iachie sentimita 7 upande wa matundu yake ya hewa, vinginevyo ile 50 Ah itakuwa 70. Ipoze nyumbani usiku kabla ya safari, chakula kikiwa ndani.

Ampia Saba

Dada amesema kweli kuhusu friji. Nyongeza yangu ni waya, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Kutoka betri ya mbele hadi nyuma ni mita 6, kwenda na kurudi 12. Chaja ya ampia 30 inavuta kama 35 mbele. Kwa waya wa milimita mraba 6 unapoteza volti 1.2 njiani, kwa 16 unapoteza 0.45. Weka 16, waya laini wa nyuzi nyingi, si ule mgumu wa nyumba. Ule unakatika kwa mtikisiko ndani ya ganda na kwa nje huoni kitu. Fyuzi ya ampia 60 karibu na betri ya mbele, na nyingine karibu na ya nyuma, kwa sababu waya una umeme pande zote mbili.

Friji nayo ipewe waya wake wa milimita mraba 6 na plagi ya Anderson, ile nene ya kubana imara. Malalamiko ya "friji inazima usiku na betri bado ina moto" mara nyingi ni waya wa 1.5 na soketi ya sigara. Kompresa ikiwaka, volti 0.7 inapotea njiani, friji inaona 11.7 na kujizima kuilinda betri isiyo na tatizo lolote. Pima volti kwenye plagi ya friji kompresa ikiwa inafanya kazi, usipime kwenye betri.

Msafiri wa Nyanda

Nimepima. Gari likiwaka tu, 14.2. Baada ya nusu saa, 12.8. Birika nimelifuta. Swali moja: paneli ikae juu ya kanopi pembeni ya hema, au niwe na ya kubeba? Kambi nyingi unaegesha chini ya mti.

Mzee wa Testa

12.8 imemaliza mjadala wa relei. Waya wa kuamsha chaja uchukue kwenye laini inayopata moto swichi ikiwa ON tu, isije ikafyonza betri ya mbele gari likiwa limezimwa.

Paneli: kivuli cha tawi moja juu ya seli chache kinaweza kukuondolea nusu ya umeme au zaidi. Weka wati 100 juu, ya fremu, iliyoinuliwa sentimita 4 ipitishe hewa, na 100 ya kukunja yenye waya wa mita 10. Gari likae kivulini ili friji ipumzike, paneli ya kukunja ikae juani, na uifunge na kitu. Nyani wa kambini hawana adabu.

Dada wa Kanopi

Paneli mbili za volti tofauti usiziunganishe kwenye kontrola moja, kaka. Kila moja iwe na yake, au ununue zinazofanana.

Msafiri wa Nyanda

Sawa, dada. Kontrola mbili basi. Kesho naanza na pembe za mlango wa bodi.