Vitu vilivyobaki vya mgahawa na banda la kuku, Mwanza: niuze kwa dalali, gulioni au kwenye kundi la WhatsApp?

Mama_Kisesa
Habari za jioni wadau. Mwezi ujao nafunga mgahawa wangu wa Nyegezi na kupunguza kuku huku Kisesa, nibaki na mradi ninaoumudu. Vitu vimebaki vingi, na sipendi viozee stoo wakati kuna mtu jirani anavitafuta. Kuna friza moja ya kufungulia juu, masufuria makubwa, viti vya plastiki, trei za mayai (za karatasi na za plastiki), vyombo vya kunyweshea kuku, viroba vya dagaa na magunia ya mashudu ya pamba (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta).

Njia ninazozijua ni tatu. Dalali ana wateja, lakini anaweka cha juu na hutajua aliuza kwa ngapi. Gulioni mnunuzi anashika kitu kwa mkono wake, ila kupeleka friza na kurudi nayo ni nauli juu ya nauli. Kundi la WhatsApp ni bure, lakini wengi wanauliza "bei ya mwisho?" halafu kimya. Mliowahi kuuza vitu vya namna hii hapa Mwanza, ipi inalipa? Ningefurahi zaidi nikipata mtu mmoja abebe vyote.

Dagaa_Mwaloni
Shikamoo mama. Hilo la mtu mmoja kubeba vyote liache. Mwenye haja na friza hana kazi na mashudu, kwa hiyo atakushusha bei ya friza ili kufidia asivyovihitaji.

Kuhusu dagaa: ni wa kula au wa kuku? Waliokaushwa kwenye vichanja, hawana mchanga, soko lao ni Kirumba mwaloni, ambako hata wafanyabiashara wa Kongo wanafuata mzigo. Walioanikwa mchangani au kunyeshewa wanaingia kwenye chakula cha kuku, na bei ni nyingine kabisa. Usichanganye hata kiroba kimoja. Mnunuzi wa mwaloni anazamisha mkono hadi chini ya kiroba, na akikuta mchanga, mzigo wako wote unakuwa wa kuku.

Angalia na mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, mzigo unapungua, bei inapanda. Kama wako ni wakavu kweli na una mahali pa kuwatunza, subiri kipindi hicho.

Mfugaji_Usagara
Shikamoo mama. Namuunga mkono mwenzangu, ila mashudu ya pamba usimuuzie mwenye kuku wa mayai. Yana sumu inayoitwa gosipoli, inaharibu rangi ya kiini cha yai. Wanaoyatafuta ni wanenepeshaji wa ng'ombe, wanachanganya na pumba za mpunga. Huku Usagara na kuelekea Misungwi tupo, na sisi hatupatikani kwenye makundi ya mjini. Ukimwambia mtu mmoja mnadani, habari inafika.

Fungua kila gunia kwanza. Lililoshika unyevu likaota ukungu lisiuzwe kwa bei yoyote, kwa sababu sumukuvu haitoki kwa kuanika juani. Hili linaniuma sana. Watu wanauza mzigo wa ukungu wakisema ni wa mifugo tu, na sumu hiyo inapita hadi kwenye maziwa, watoto wanakunywa.

Trei za karatasi nazo naomba usiuze. Haziosheki, na zinaweza kubeba magonjwa ya kuku kama kideri na gumboro kutoka banda moja hadi jingine. Zichome. Za plastiki na vyombo vya maji viuzike, lakini sugua kwa sabuni hadi kinyesi chote kitoke ndipo uloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu. Dawa ikimwagwa juu ya uchafu haifanyi kitu.

Mama_Kisesa
Marahaba wanangu, asanteni. Trei za karatasi nitazichoma. Kuku wangu walikuwa wazima, lakini siwezi kuapa mbele ya mfugaji mwenzangu. Na friza je?

Fundi_Mabatini
Friza hapo ndipo kundi la WhatsApp linafaa kuliko gulio, mradi utangaze vizuri. Piga picha ya nje, ya ndani, ya mpira wa mlango na ya kibandiko chenye namba na ujazo wa lita. Andika bei na mtaa, wasumbufu watapungua.

Iwashe tangu jana yake, anayekuja akute barafu. Friza isiyowashwa inauzwa bei ya chuma chakavu, hata kama ni nzima. Ibebwe ikiwa imesimama. Ikilazimika kulazwa, mwambie mnunuzi aiache imesimama saa kadhaa kabla ya kuwasha, ili oili irudi kwenye kompresa. Na muandikiane mauziano kwa mwenyekiti wa mtaa, namba ya friza iwemo. Wengi wanaogopa kununua vya mtumba kwa sababu ya wizi, karatasi hiyo inawatoa hofu.

Pesa ya simu: usisome ujumbe ukaachia mzigo. Angalia salio lako mwenyewe.

Sengerema_Nyanya
Mimi namtetea dalali kidogo. Nyanya zikiiva hazingoji mtu wa kundini ajibu, na bila dalali ningemwaga kreti nyingi. Kwa kinachooza leo, yeye ndiye anayemfahamu mwenye pesa leo. Dawa ya cha juu ni kumtajia bei yako ya mkononi mapema, anachopata juu yake ni chake, usimfuatilie. Kwa mama, asiye na kitu cha kuoza haraka, dalali wa nini?

Halafu msihesabu jirani kuwa Mwanza mjini tu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, sisi wa Sengerema hatupangi tena foleni ya kivuko pale. Masufuria na viti hivyo mama lishe wa huku watavifuata kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na kurudi siku hiyo hiyo.

Mfugaji_Usagara
Sipingi, ila dalali wengine wanalazimisha lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Ni kosa kisheria na mkulima ndiye anayeumia. Hata kwa mashudu, tupime kwa mizani, si kwa gunia la kujaza hadi lifungwe kwa kamba.

Mama_Kisesa
Basi friza itakuwa inawaka pale Nyegezi hadi mwisho wa mwezi, anayeitaka aje asubuhi kabla wateja wa chai hawajajaa. Dagaa ni wa kuku, nilinunua kwa ajili ya banda, nitawauza hapa hapa Kisesa. Masufuria na viti nitampigia picha huyu wa Sengerema awaoneshe wenzake. Mashudu nitafungua gunia moja moja kesho.

Mfugaji_Usagara
Yakiwa makavu nayachukua yote. Nitakuja Jumamosi na kirikuu, na mizani nitabeba.