Naomba ushauri: kumfuatilia mkimbizi wa Kipoland aliyeondoka Tengeru

Wakuu, habari zenu. Namfuatilia mama wa Kipoland aliyeishi kambi ya Tengeru, Arusha, na mwanawe mdogo. Walikuwa kati ya waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti 1940, wakapitia Uajemi 1942. Baada ya vita, shirika la wakimbizi la IRO liliwasambaza watu wa kambi hizi: wengine Uingereza, hasa waliokuwa na ndugu katika jeshi la Kipoland la Jenerali Anders, wengine Australia kwa meli General Langfitt iliyotoka Mombasa mapema 1950.

Hifadhi ya Arolsen (ya nyaraka za wahanga wa Wanazi na wakimbizi, iliyoko Ujerumani) nimeipekua mtandaoni, sijaambulia kitu. Si ajabu, sehemu kubwa ya nyaraka zake ni za waliokuwa Ujerumani na Austria. Majina ya abiria wa Langfitt nimeyatafuta kwa -ska na -ski (miisho ya majina ya ukoo ya kike na ya kiume), kwa ł na l, kwa w na v, maana makarani waliandika walivyosikia. Hola.

Sasa naomba kujua:
Kwa upande wa Uingereza, nianze na orodha za abiria walioingia Uingereza (mfululizo BT 26) pale Hifadhi ya Taifa, Kew, au kumbukumbu za kambi za makazi ya Wapoland? Bandari na tarehe ya kushuka sina.
Na mtoto yule, aliandikwa ndani ya jalada la mama au alifunguliwa lake?