Mzee wa pweza kaniuliza swali, nimjibuje bila kumhubiria?

Wa_Ng'ambo: Wakuu, naombeni ushauri. Mimi Mkristo, naishi Likoni. Juzi, maji ya bamvua, nilishuka mwambani na jirani yangu, mzee mvuvi, Mwislamu. Bahari ilikuwa imekupwa mbali kabisa. Akanionyesha kwa kidole: "Mwone yule." Sikuona kitu, jiwe tu. Jiwe likafumbua jicho. Likawa jekundu, likapauka, likateleza chini ya mwamba. Mzee kashika mkuki wake na hakuurusha. Akasema taratibu, "Subhanallah." Mimi machozi yakanilengalenga. Kwamba pweza ana mioyo mitatu nilishasoma zamani, lakini kusoma si kuona.

Njiani akaniuliza: "Mwanangu, pweza ndiye wa kukuliza?" Nikababaika. Nilitaka kumwambia kuwa kwa imani yangu, aliyemuumba yule pweza ndiye aliyekuja akawa mtu, akawachomea wavuvi samaki ufukweni. Hilo ndilo linalonishangaza kila nikilifikiria. Lakini niliogopa ataona namvuta abadili dini, nikameza. Kiongozi wa kikundi chetu kanipa vijikaratasi ishirini vya kumwachia. Vipo droo.

SpikaYaFeri: Ndugu, unaionea haya Injili. Tumeagizwa kuhubiri, si kulia mwambani. Mzee akiondoka kesho?

Bint_Kuze: Mimi Mwislamu. Mzee ndiye aliyeuliza, sasa unaogopa nini? Kinachotuudhi ni mtu anayekuja na jibu la swali ambalo hatukuuliza, au urafiki unaokatika siku tukisema hapana. Hiyo ya Mungu kuwa mtu hatuikubali, na atakwambia wazi. Nawe muulize ile Subhanallah ilimtokaje. Umsikilize mpaka mwisho, si kungojea zamu yako.

Mzee_Kengeleni: Binti kanena. Na SpikaYaFeri, mwanamke Msamaria wa Yohana 4 hakuwa na spika. Aliacha mtungi kisimani akawaambia watu njooni mtazame, tena akamalizia kwa swali. Sisi wa Frere Town tumekulia karibu na habari za mmisionari Krapf: alifika Mombasa 1844, mwaka huohuo akazika mke na mtoto huku bara. Miaka kazini, waliobatizwa wa kuhesabu kwa vidole. Wa kwanza pale Rabai alikuwa Mringe, mlemavu. Hii kazi haijawahi kuwa ya haraka. Vijikaratasi viache humohumo droo.

Kaka_Nazi: Mimi swali langu moja: pweza mlimwacha kweli? Na nazi zilivyo bei!

Wa_Ng'ambo: Tulimwacha, kaka.

MREJESHO: Jana jioni nilimkuta barazani na kahawa yake. Nikamwambia nililia kwa nini, hadi ile habari ya samaki juu ya makaa, Yohana 21. Akauliza, "Wavu ulitoa samaki wangapi?" Nikamwambia 153. Akacheka mpaka kikombe kikamwagika: "Aliyewahesabu huyo alikuwa mvuvi kweli." Ya Mungu kuwa mtu akaikataa palepale. Nami nikamuuliza ya Subhanallah yake, na hapo ndipo tulipokaa mpaka adhana ya isha, maana mzee kumbe ana miaka hamsini ya kushangaa na hajapata wa kumsimulia.

Alipoinuka kaniambia bamvua lijalo nisije na ndara, mwamba utanikata.