Neva za moyo na kisukari: je, aina ya kwanza na ya pili huzidhuru kwa njia moja?

BintiTanga: Ndugu zangu, naomba maelezo. Mama yangu ana kisukari aina ya pili, na mdogo wangu wa kiume ana aina ya kwanza tangu utotoni. Siku hizi mama hushikwa na kizunguzungu kila anapoinuka kwenye mswala, na mapigo ya moyo wake hayashuki chini ya 100 hata akiwa ameketi ametulia. Daktari anashuku kwamba neva (mishipa ya fahamu) zinazoongoza moyo zimedhurika. Je, mdogo wangu naye yumo katika hatari hiyo?

MuuguziMstaafu: Pole sana, mwanangu. Hatari ipo kwa wote wawili, ila njia zake hazifanani. Sukari inapokaa juu kwa miaka, neva ndefu ndizo hutangulia kuumia, na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo na kuuzuia moyo usiende mbio, ni miongoni mwao. Ndiyo maana mapigo hubaki juu. Baadaye huumia zile zinazobana mishipa ya damu mtu anaposimama, na hapo ndipo kizunguzungu huanza. Kwa aina ya kwanza, kudhibiti sukari mapema hulinda sana: utafiti wa DCCT (wa udhibiti wa kisukari na madhara yake) uliofanyika Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993, kwa watu 1,441, ulionyesha hatari hii ikipungua kwa takriban nusu. Kwa aina ya pili sukari peke yake haitoshi, kwa kuwa shinikizo la damu, mafuta na uzito navyo huchangia, na mara nyingi ugonjwa huwa umekaa mwilini muda mrefu kabla ya kugunduliwa. Kwa hiyo mama alistahili kuchunguzwa tangu mwanzo. Mdogo wako achunguzwe akishatimiza miaka 5 na ugonjwa.

Mzee wa Kliniki: Naongeza jambo linalopuuzwa mno. Neva hizi zikifa ganzi, mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu ya kifua. Mama akitokwa jasho jingi, akikosa pumzi au akipata kichefuchefu ghafla, mpelekeni hospitali bila kusubiri. Akihitaji upasuaji, mtaalamu wa dawa ya usingizi aelezwe mapema.

BintiTanga: Nashukuru sana. Kizunguzungu hicho hupimwaje?

MuuguziMstaafu: Alale kwa dakika 5, apimwe shinikizo, kisha asimame na apimwe tena ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari aambiwe. Daktari apitie pia dawa zote za mama, maana za shinikizo huweza kuleta hali hiyo hiyo, na metformini, dawa ya kisukari, ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12, jambo linaloumiza neva pia. Asiache dawa yoyote kabla ya kumwona daktari.