MJADALA: Timu nzima ilazimishwe mazingira mamoja ya kuandikia programu na zana moja ya UML (michoro sanifu ya mifumo ya programu)?

Mleta mada: Wadau, timu ya watu sita inatengeneza programu ya Android pamoja na seva yake ya Java. Nusu yao wana laptopu za RAM GB 8. Kiongozi anataka wote waandikie kwenye Android Studio (ya Android) na IntelliJ IDEA (ya Java), na michoro yote iwe kwenye Enterprise Architect, programu ya kuchora UML. Mnasemaje?

Fundi wa Android: Kwa Android sioni cha kubishania, Studio ndiyo zana rasmi. Ila GB 8 ni za Studio peke yake. Ukiwasha na emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta), mashine inaganda. Tumieni simu halisi: kwenye mipangilio ya simu gusa "Build number" mara 7, washa USB debugging ili kompyuta iweze kujaribia programu kwenye simu, chomeka waya. Halafu kwenye gradle.properties, faili la mipangilio ya Gradle (zana inayojenga programu kutoka kwenye msimbo), wekeni `org.gradle.jvmargs=-Xmx2048m`, yaani kikomo cha GB 2. Msiipandishe ovyo. Gradle ina mchakato wake nje ya Studio, na mchakato wa lugha ya Kotlin unarithi kikomo hichohicho, kwa hiyo GB 2 zinaweza kuwa 4 kabla Studio yenyewe haijala chochote.

Mtu wa seva: Mkuu, hapo tuko pamoja. Kwenye seva napinga kulazimishana. Anayetaka kihariri cha VS Code atumie, ingawa asidanganyike kwamba ni nyepesi sana: kwa Java, nyuma yake inazunguka injini ya Eclipse (mazingira mengine ya kuandikia Java), nayo inakula RAM. Kinachopaswa kuwa lazima ni amri ya kujenga programu, `./gradlew build`, kupita kwenye terminali bila kufungua kihariri chochote. Ikipita ndani ya IntelliJ tu, ujue kuna mpangilio umejificha kwenye mashine ya mtu.

Na kwenye Git (mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo) wekeni faili la .gitattributes yenye `* text=auto` na `gradlew text eol=lf`. Bila hiyo, faili likihifadhiwa na miisho ya mistari ya Windows, mtu anabadilisha mstari mmoja na Git inaonyesha faili zima limebadilika. Gradlew yenyewe ikipata miisho ya mistari ya Windows, kwenye Linux inakataa kuwaka na kulalamika "bad interpreter".

Mchambuzi mifumo: Enterprise Architect kwa watu sita ni kununua lori la kubebea mkate. Leseni inalipiwa, na ni programu ya Windows. PlantUML, inayochora kutokana na maandishi, inatosha:

```
@startuml
Mteja -> Seva: lipa(kiasi)
Seva --> Mteja: risiti
@enduml
```

Faili linakaa kwenye Git kando ya msimbo, na badiliko linakaguliwa mstari kwa mstari. Tahadhari: mchoro wa mfuatano (kama huo hapo juu) unahitaji Java tu, lakini mchoro wa klasi kwa kawaida unahitaji pia Graphviz, programu ya kupanga visanduku na mishale. Ndiyo maana wa kwanza unatoka vizuri, wa pili unaleta kosa la kutopata "dot" (amri ya Graphviz), na watu wanaishia kulaumu kihariri.

Mpinzani: Naomba kutofautiana. Klasi zikizidi kumi na kitu, Graphviz inapanga visanduku inavyotaka na mishale inapishana. Utaandika `-left->` na `-up->`, kesho ukiongeza klasi moja mpangilio wote unahama. Tena Enterprise Architect haihifadhi picha, inahifadhi modeli: badilisha jina la "Seva" mara moja, linabadilika kwenye kila mchoro. Kwenye PlantUML, "Seva" katika mafaili kumi ni maneno kumi. Mfumo wa hospitali unaotakiwa kuonyesha kila hitaji limetekelezwa na klasi ipi, mtaufuatilia kwa matini?

Mchambuzi mifumo: Huo wa hospitali nakubali. Lakini mleta mada hajasema ana sharti hilo. Na mchoro wa klasi 40 hausomwi hata ukichorwa kwa mkono, ugawe. Majina ya pamoja yawekwe faili moja, mengine yalivute kwa `!include`.

Mleta mada: Na draw.io, ile ya kuchora kwa kipanya, je?

Mtu wa seva: Inafaa kwa mchoro mmoja mkubwa wa mfumo. Hifadhi kama .drawio.svg, uonekane kwenye kivinjari na bado uharirike. Ila wasiuguse wawili kwa wakati mmoja: ndani yake ni XML (matini ya kompyuta isiyosomeka kirahisi), na Git ikishindwa kuunganisha, kazi ya mmoja itabidi ichorwe upya.