Komiki za vikosi vya mashujaa: ipi ilikuuma zaidi? Tupeane uzoefu

MtotoWaKambi: Jana napita soko la Owino, Kampala, kwa wauza vitabu vya mitumba, nikaona jalada la komiki ya X-Men limekunjwa kona. Moyo ukanilipuka. Wa enzi zile, hasa sisi tuliokulia kambi za askari, leteni habari.

Busia_Mpakani: Kwetu zilikuja nusunusu toka ng'ambo ya mpaka. Toleo la 94 unalo, la 95 huna, la 96 halina jalada. Shujaa Thunderbird nilimwacha mzima, kurudi namkuta kiongozi wao Cyclops anamlilia.

DadaTororo: Hiyo ya kuruka matoleo imetutesa wote.

Mstaafu_Jinja: Yangu sikilizeni. Komiki moja ilizunguka kambi nzima, unapewa usiku mmoja tu. Nikafika pale Jean Grey, yule dada wa X-Men, kameza nyota, sayari ya watu bilioni 5 imeteketea, na wenzake wanaenda kumpigania mwezini. Toleo la 137 ni zamu yangu kesho. Aliyekuwa nalo akasema limepotea. Limepoteaje? Kimya. Jioni nanunua kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, getini, mama ananifungia kwenye karatasi ya rangi. Kufungua, Scott, yaani Cyclops mpenzi wa Jean, yuko peke yake, Jean hayupo, mafuta yamemlowesha uso. Kumbe mdogo wa yule aliyekuwa nalo ameuza kitabu chote kwa yule mama! Nikalia palepale. Askari wa zamu akaja mbio, "Nani kakupiga?" Nikasema Jean amekufa. Afande akavua kofia. "Pole mwanangu. Jean wa nyumba ipi?"

DadaTororo: 😂😂😂 Wa nyumba ipi!!

Busia_Mpakani: Na kabalagala ulikula?

Mstaafu_Jinja: Zote.

Kalamu_Mbale: Lawama mpeni mhariri, Jim Shooter. Mwandishi Claremont na mchoraji Byrne walipanga Jean anyang'anywe nguvu, abaki hai. Shooter akakataa, aliyeua sayari nzima harudi nyumbani hivihivi.

MtotoWaKambi: Alisema kweli.

Kalamu_Mbale: Kweli gani, na 1986 wamemfufua?

Mstaafu_Jinja: Nirudishieni machozi yangu.

Busia_Mpakani: Mimi katika X-Men nilimpenda Storm. Dada yetu wa Afrika Mashariki.

Kalamu_Mbale: Yetu nani? Mama Mkenya, kazaliwa New York, kakulia Cairo akichomoa watu mifukoni. Uganda inaingilia wapi?

Mstaafu_Jinja: Cairo wanakunywa maji ya Nile, na Nile inatokea hapa Jinja. Tumemlea.

Kalamu_Mbale: Mzee, shikamoo, lakini hapana.

MtotoWaKambi: Nilizobaki nazo zinaliwa na mende. Nifanyeje?

DadaTororo: Funga kwenye kavera, mfuko wa plastiki, kaza.

Busia_Mpakani: Usithubutu! Kavera inatoa jasho, karatasi zitagandana. Weka majani makavu ya mwarobaini.

Mstaafu_Jinja: Weka mbali na wauza kabalagala.

Kalamu_Mbale: Niuzie mimi, mende watakosa kazi.

Nsambya_Kwetu: Na sisi wa Avengers tuseme lini? Kapteni Amerika kutolewa kwenye barafu, 1964, hakuna aliyeguswa?

DadaTororo: Ngoja kwanza, bado tuko msibani.