Naomba ushauri: nimehamia Linux, leseni ya programu ya uhasibu inaisha

Wakuu, habari zenu.

Kompyuta yangu ya dukani ilikuwa na Windows 10. Microsoft walisitisha huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine haina TPM 2.0 (chipu ya usalama) inayotakiwa na Windows 11, basi fundi akaniwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Inakwenda vizuri mno, sitaki kurudi nyuma.

Shida ni programu ya uhasibu ninayoilipia kwa mwaka. Ni ya Windows tu, na leseni inaisha mwisho wa mwezi huu. Nimejaribu kuifungua kwa Wine (inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux), inafika kwenye nywila kisha inajifunga. Mafaili ninayo kwenye diski ya nje, lakini LibreOffice (programu ya ofisi ya bure) haiyasomi. Humo ndimo yalimo madeni yote ya wateja.

Je, nilipie tena niiendeshe ndani ya VirtualBox, yaani Windows ndani ya kompyuta ya kuigiza (RAM ni GB 4 tu), au niazime kompyuta yenye Windows sasa hivi nitoe kila kitu kwa CSV (jedwali la maandishi linalosomeka na programu nyingi)? Naelekea hilo la pili, ila naogopa leseni kukataa mashine mpya. Na muda ukishapita, programu za namna hii hukuachia angalau kusoma kumbukumbu zako, au hufunga kabisa?

Aliyepitia hili anisaidie tafadhali.